Kutoka Kiingereza cha kuombea maji mpaka cha kuripoti kazini

Mwaka wangu wa kwanza Marekani nilikuwa nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee, shifti ya saa tisa mchana mpaka saa tano usiku, na kulikuwa na babu mmoja mgonjwa wa sukari siku hiyo akakataa chakula cha jioni. Nesi akapita mbio na kitoroli chake cha dawa akaniuliza "He hasn't eaten?" nami nikajibu "Yes", maana yangu ndiyo, kweli hajala, yeye akaelewa kala, akamchoma insulini, sukari ikashuka mpaka babu wa watu akaanza kutetemeka na jasho linamtoka. Alipewa juisi akarudi sawa, namshukuru Mungu, lakini usiku ule sikupata usingizi kabisa kwa sababu katika yale maneno hapakuwa na hata moja nisilolijua.

Toka siku ile nimewafundisha kazi wengi waliokuja nyuma yangu, Wakenya, Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, Warundi, Watanzania wenzangu, na ninachokiona ni kile kile. Kiingereza tunacho, tumekisoma shule, ila mdomoni kinatoka kwa sheria za Kiswahili. Kwahiyo usianze kwa kukariri kitabu cha grama kutoka ukurasa wa kwanza, utachoka ukiwa bado kwenye nomino. Anza na zile sehemu chache ambapo lugha hizi mbili zinapishana njia, afu ndo uingie Kiingereza cha kazi yako wewe.

Hilo la "yes" na "no" liwe la kwanza. Kwetu mtu akiuliza "hujala?" unajibu "ndiyo, sijala", yaani unakubaliana na muulizaji. Mzungu haangalii muulizaji kauliza vipi, anaangalia kitendo kimefanyika au hakijafanyika, kama hakijafanyika jibu ni "no" basi. Mi dawa yangu ni moja tu, usijibu kwa neno moja. Sema "No, he hasn't eaten", sentensi nzima, hata ulimi ukiteleza pale mwanzo ile sentensi ya nyuma itakuokoa wewe na mgonjwa.

Afu kuna he na she. Kiswahili tuna "a" moja kwa wote, anakuja, amelala, awe mama awe baba, ndo maana hata mtu aliyesoma mpaka chuo anamwita mzee wa kiume she bila kujisikia. Zoezi lililowasaidia wengi ni hili: chagua mtu mmoja, tuseme mama yako, umwelezee kwa sauti dakika mbili ukiwa unaosha vyombo, anaamka saa ngapi, anapika nini, anasali wapi, she, she, her. Kesho mweleze baba au mjomba. Usiwachanganye siku moja mpaka ulimi uzoee.

Saa nayo imewafukuzisha watu kazi. Three ni saa tisa, seven ni saa moja, na ukiwa umechoka kichwa kinarudi nyumbani chenyewe, unamwambia bosi "I come at nine" kumbe ulimaanisha saa tisa. Soma namba iliyoandikwa kwenye simu kama ilivyo, usiitafsiri.

Kwenye grama ya vitendo mi nitagusa mbili tu. "Niko hapa tangu 2021" wengi wanasema "I am here since 2021", sema "I have been here since 2021", kitu kilichoanza zamani na bado kinaendelea kinataka "have been". Ya pili ni kuazima, sisi neno moja linabeba pande zote mbili, niazime na nimeazima, ndo unasikia mtu anasema "borrow me your pen". Ukitoa ni "lend", ukichukua ni "borrow". Zile a na the zisikunyime usingizi, ukizikosea bado unaeleweka na zitakuja zenyewe kwa kusikiliza.

Matamshi sasa. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo, kwahiyo hat, hut, heart na hurt kwetu zote zinatoka "hati". Work na walk nazo ni hivyo hivyo, na hii ina uzito maana "I work at night" na "I walk at night" ni habari mbili tofauti kabisa kwenye intavyuu. Ila tuna bahati moja ambayo Mfaransa na Mjerumani hawana, ile "th" inayowatesa dunia nzima sisi tunayo, ya think ni ile ile ya thelathini, ya this ni ile ile ya dhahabu. Kama kwenu mnasema selasini na zahabu, kaa na rafiki wa Unguja au Mombasa wiki moja akunyooshe.

Kinachofanya tusieleweke hasa ni mkazo. Kiswahili tunakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, Kiingereza kinahamahama. Hospital mkazo uko mwanzo kabisa, HOS, silabi zingine zinamezwa. Comfortable hawasemi silabi nne, wanasema kama KAMF-ta-bo. Chukua sauti ya sekunde thelathini, BBC Learning English wana vipindi vya dakika sita vya bure, sikiliza mara tatu, halafu ongea pamoja na msomaji, mfuate kama unavyofuata kwaya, jirekodi kwenye simu, linganisha. Dakika kumi na tano kila siku kwenye basi zinatosha. Na usijitese kuiga lafudhi ya Kimarekani, lafudhi yako ni ya kwenu na haina kosa, rekebisha mkazo tu na watu wataacha kukuuliza "what?"

Adabu ndo sehemu ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Kwetu "naomba maji" ina heshima yote ndani yake, ukitafsiri haraka unasema "Give me water" na mtu anakuona jeuri wakati moyoni wewe ni mpole. Tumia "Could I have" ukiomba kitu na "Could you" ukiomba msaada. Neno pole halina ndugu kwa Kiingereza. Mtu akijikwaa tunasema "sorry", wao wanaposikia sorry wanadhani unakiri kosa, na mgonjwa akianguka we ukasimama pale "sorry, sorry, sorry" inaweza ikasikika kama wewe ndo umemwangusha. Sema "Are you okay? Don't move, let me get the nurse."

Na kukataa jamani. Sisi kumwambia mtu hapana usoni ni ngumu, tunasema "nitaangalia", "nitajitahidi", "Mungu akipenda", na kila mtu kwetu anajua hapo jibu ni hapana. Supavaiza akikuomba shifti ya ziada ukamjibu "I'll try", keshakuandika kwenye ratiba, usipotokea inahesabika umetoroka kazi. Sema "Thank you for asking, but I can't tonight." Haina utovu wa adabu wowote, wanaipenda kwa sababu wanajua watafute mwingine.

Kutikisa kichwa ukiwa hujaelewa ni hatari kuliko kuuliza. Najua tumelelewa kwamba kumrudisharudisha mkubwa aseme tena ni kukosa heshima, lakini hapa kurudia maagizo ndo utaalamu wenyewe. "Let me repeat that to make sure I got it right", halafu unarudia kwa maneno yako. Hata marubani wanarudia maagizo ya mnara wa kuongozea ndege.

Kwa walio kwenye afya kuna mpangilio wa kutoa ripoti unaitwa SBAR (Situation, Background, Assessment, Recommendation), ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani ukahamia hospitali, na mi nadhani hata fundi au mtu wa ghalani anaweza kuutumia. Unaanza na kinachotokea sasa hivi, unafuata na historia fupi, halafu unavyoona wewe, halafu unachoomba kifanyike. "Mr. so-and-so is refusing dinner. He is diabetic. He looks weak to me. Could you check him before the insulin?" Sentensi nne, umemaliza, na hamna salamu ndefu za habari za nyumbani. Waheshimu kwa kuwa mfupi, hata kwenye imeili, jambo lenyewe liwe mstari wa kwanza.

Kwenye intavyuu kosa letu kubwa ni "tulifanya", tunaona aibu kusema mimi. Wao wanataka "I". Andaa visa vitatu vya kweli, siku uliyotatua tatizo, siku uliyokosana na mwenzako mkayamaliza, siku uliyokosea ukajifunza, uvisimulie mpaka viwe vyepesi mdomoni.

Madarasa ya bure yapo. Marekani ulizia maktaba ya mtaa wenu na vyuo vya jamii, Uingereza yanaitwa ESOL, Kanada kuna LINC kwa wenye ukaazi wa kudumu na wakimbizi waliokubaliwa, Australia kuna AMEP. Ukiwa nesi unayetaka kusajiliwa Uingereza kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS ujue wanataka alama 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea na 6.5 kwenye kuandika, hapo darasa la mtaani peke yake halitoshi, tafuta mtu wa kukusahihisha insha.

Na wakati bado unajifunza, ukienda hospitali Marekani una haki ya mkalimani bila kulipa senti, sema "I need a Swahili interpreter, please", watampigia kwa simu au video. Usimtumie mtoto wako wa miaka kumi kutafsiri ugonjwa wa mama yake, tafadhali sana. Na hata kama Kiingereza chako kimeshakaa vizuri, siku ya kusaini fomu ya upasuaji mwombe mkalimani tu, hakuna atakayekushangaa.