Mambo ya kuzingatia kabla ya kurudisha gari la zamani kwenye kipimo cha moshi Uingereza

Gari la petroli la miaka ya 1990 linapofeli kipimo cha moshi katika MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa magari wa kila mwaka nchini Uingereza, wenye magari wengi hukimbilia kununua masega mapya ya ekzosi, kifaa cha bei kubwa kinachosafisha moshi wa injini, ambacho mara nyingi si chanzo cha tatizo. Kabla ya kutoa fedha yoyote, omba karatasi ya majibu iliyochapwa na mashine, kwa sababu namba zilizomo ndizo zinazomwonyesha fundi aanzie wapi.

Umri wa gari ndio unaoamua kiwango. Gari lililoanza kutumika kati ya Agosti 1986 na Julai 1992 huruhusiwa kaboni monoksidi hadi asilimia 3.5, ilhali lenye masega, kama halina viwango vyake mahususi, halitakiwi kuvuka asilimia 0.3 injini ikizunguka mara 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, wala haidrokaboni zake, yaani mafuta yasiyoungua, kuzidi sehemu 200 katika milioni. Hapo hapo husomwa lamda, yaani uwiano wa hewa na mafuta, ambayo inapaswa kuwa kati ya 0.97 na 1.03.

Namba hizi zisomwe kwa pamoja. Kaboni monoksidi ikiwa juu na lamda ikiwa chini ya 0.97, injini inapewa mafuta kupita kiasi. Basi kagua chujio la hewa, nozeli, sensa ya oksijeni na sensa ya joto la maji, ambayo ikieleza kwa makosa kwamba injini ni baridi, kompyuta huendelea kuongeza mafuta. Thamostati iliyokwama wazi huleta madhara hayo hayo hata kama sensa zote ni nzima. Haidrokaboni zikipanda, kwa kawaida injini inamisi na petroli inatoka bila kuungua, hivyo plagi, waya zake na koili zitangulie. Lamda ikizidi 1.03, tafuta tundu kwenye maungio na gasketi za ekzosi, maana hewa ya nje inayoingia humo huvuruga vipimo.

Masega yashukiwe pale ambapo lamda iko sawa lakini kaboni monoksidi bado iko juu. Hata hivyo, chunguza kwanza kilichoyaharibu, kwa kuwa injini inayomisi au inayokula oili itayaua na mapya. Kuyang'oa si suluhisho, kwani gari lililotoka kiwandani nayo hufelishwa yasipokuwepo.

Kabla ya kurudi, badilisha oili ikiwa inanuka petroli, kwa kuwa mvuke wake hurudishwa ndani ya injini na kupandisha kaboni monoksidi. Siku yenyewe, endesha gari kwa nusu saa kwenye barabara kuu na usilizime unaposubiri zamu, kwani masega huanza kufanya kazi yakifikia takriban nyuzi 300 za Selsiasi.