Kuunganisha matawi ya Git bila kuvuruga kazi ya mwenzako

Katika Git, programu inayotunza historia ya msimbo, tawi (mstari wa kazi ulio pembeni) likikaa wiki mbili bila kukutana na shina (tawi kuu, main), siku ya kuunganisha lazima mtoke jasho. Dawa ni matawi ya muda mfupi: kazi moja, tawi moja, siku mbili tatu limekwisha.

Chukua timu ya Sinza inayoandika programu ya kupeleka mizigo kutoka Kariakoo. Wewe umepewa kupandisha ada ya Mbagala. Anzia kwenye shina lililo jipya:

git switch main
git pull --ff-only
git switch -c ada-mbagala

Hiyo --ff-only usiiache. Kama uliwahi kufanya komiti (kuhifadhi badiliko kwenye historia) ndani ya main kwa bahati mbaya na wenzako nao wamesukuma zao kwenye seva, Git itagoma hapo hapo badala ya kuzichanganya kimyakimya.

Kila asubuhi, ukiwa kwenye tawi lako (origin ni jina la hazina ya pamoja iliyo kwenye seva):

git fetch origin
git merge origin/main

Fetch hupakua yale mapya tu, kwa hiyo hata bando la simu linatosha. Na jioni sukuma (git push) tawi lako kwenye seva. Umeme ukikatika au kompyuta ikiibwa, kazi ipo.

Rebase, yaani kuhamishia komiti zako juu ya shina jipya badala ya kuunganisha, ni nzuri kwa tawi ambalo hajaligusa mtu mwingine. Inaandika komiti upya, hivyo aliyekwisha kuvuta zile za zamani atajikuta na historia mbili zinazogombana.

Sasa mgongano wenyewe, yaani pale nyote wawili mlipobadili mstari uleule:

<<<<<<< HEAD
ada = 3500
=======
ada_msingi = 3000
>>>>>>> origin/main

Juu ni mstari wako, chini ni wa shina (wakati wa rebase pande hizi hugeuka, na wengi hukosea hapo). Ukichagua upande mmoja umefuta kazi ya mtu. Wewe ulipandisha bei, mwenzako alibadili jina; jibu sahihi ni ada_msingi = 3500. Ili uone na mstari wa asili kabla hamjaugusa, weka mara moja tu:

git config --global merge.conflictStyle diff3

Futa alama zote, endesha majaribio, kisha git add na git commit. Ukipotea njia, git merge --abort inakurudisha ulikokuwa, mradi ulikuwa umekomiti kila kitu kabla ya kuanza.

Hatari zaidi ni muunganiko usiolalamika. Git inalinganisha mistari, haijui maana. Kama faili lako jipya bado linaita jina la zamani, ada, hakutakuwa na mgongano wowote, ila programu itaanguka ikiwashwa. Ndiyo maana majaribio huendeshwa kila baada ya kuunganisha, hata pale Git iliponyamaza.

Kazi ikikamilika, rudi main, vuta tena kwa --ff-only, halafu (--no-ff huacha komiti ya muunganiko kwenye historia hata pale isipohitajika):

git merge --no-ff ada-mbagala
git push
git branch -d ada-mbagala

Tumia -d ndogo. Hiyo hukataa kufuta tawi ambalo halijaunganishwa. -D kubwa hufuta bila kuuliza.