Majaribio ya Python yanapogoma ndani ya VS Code

Jaribio likitoka jekundu limefanya kazi yake. Rudi kwenye msimbo wako ukatafute kosa. Mwongozo huu ni wa hali nyingine: unabonyeza alama ya chupa ya maabara pembeni kushoto, orodha ni tupu, au duara linazunguka tu, au panatokea mstari mmoja wa kosa mahali ambapo ungeona majaribio yako yote.

Tutumie mfano mdogo, folda ya `ratiba` ya boti za Mokowe na Lamu. Abiria husema "boti ya saa moja", kompyuta inataka 7. Ndani mna `saa.py`:

```
def geuza(saa, kipindi):
    if kipindi == "mchana":
        return (saa + 6) % 24
    return (saa + 18) % 24
```

na `tests/test_saa.py`:

```
from saa import geuza

def test_saa_moja_asubuhi():
    assert geuza(1, "mchana") == 7

def test_saa_sita_usiku():
    assert geuza(6, "usiku") == 0
```

(Hilo la saa sita usiku usiliache. Bila `% 24` utapata 24, na `datetime` haiitambui saa ya 24.)

Hatua ya 1. Anza na terminali

Fungua terminali ndani ya `ratiba`, kisha ita pytest (programu inayoendesha majaribio) kwa Python ya `.venv` (folda ya mradi yenye Python na vifurushi vyake):

Windows: `.venv\Scripts\python -m pytest`
Linux: `.venv/bin/python -m pytest`

Siwashi `.venv` kwa `activate`, na sishauri mtu aiwashe. Kwenye PowerShell mara nyingi utaambiwa `running scripts is disabled on this system`, kisha asubuhi nzima iishe ukihangaika na ruhusa za Windows kwa jambo lisilohitaji ruhusa. Njia kamili ya Python inatosha, na inakuonyesha wazi ni Python ipi unayoiita.

Ikimaliza, soma namba ya kutokea: `echo $LASTEXITCODE` kwenye PowerShell, `echo $?` kwenye Linux. 0 ni salama, 1 kuna jaribio lililofeli, 2 ukusanyaji umekatika njiani (mara nyingi faili moja limeshindwa kusomeka), 4 umeandika amri vibaya, 5 hakuna jaribio lililopatikana. Terminali ikigoma pia, kihariri (yaani VS Code) hakina kosa. Nenda hatua ya 4. Terminali ikipita na kihariri kikagoma, endelea hapa.

Hatua ya 2. Folda

Fungua `ratiba` yenyewe, si folda ya juu yake yenye miradi yako yote. Ukiona `Restricted Mode` chini kushoto, ibonyeze uipe folda imani. Folda iliyotoka kwenye flashi ya mtu hufunguka hivyo, na upande wa majaribio hubaki umelala mpaka ukubali.

Hatua ya 3. Ni Python gani kihariri kinaita?

Hapa ndipo saa nyingi hupotelea. Kompyuta moja inaweza kuwa na Python tatu: ya mfumo, uliyoipakua mwenyewe, na ya `.venv`. Pytest umeiweka kwenye moja tu. Terminali inaita hiyo, kihariri kinaita nyingine, na wewe unaandika `pip install pytest` mara ya nne ukishangaa mbona inajibu `Requirement already satisfied`.

Usikisie. Fungua faili lolote la `.py`, kisha tazama ukanda wa chini upande wa kulia: jina na toleo la Python vimeandikwa hapo. (Usipofungua faili la Python, maandishi hayo hayatokei, na wengi hudhani programu imeharibika.) Halafu fungua kidirisha cha Output, chagua `Python` kwenye kiorodha chake, ubonyeze kitufe cha kuonyesha majaribio upya. Utaona amri nzima ambayo kihariri kimeiandika, na neno la kwanza ni njia ya Python. Linganisha na hii:

`.venv/bin/python -c "import sys; print(sys.executable)"`

Njia zikitofautiana, au ukiona `No module named pytest`, umeshapata chanzo. Bonyeza Ctrl+Shift+P, andika `Python: Select Interpreter`, chagua iliyo ndani ya `.venv`. Isipoorodheshwa, chagua kuingiza njia kwa mkono, uielekeze kwenye `.venv/bin/python` au `.venv\Scripts\python.exe`.

Kuna mtego hapa. Watu huandika `python.defaultInterpreterPath` ndani ya `settings.json`, wakahifadhi, wakafunga na kufungua, na hakuna kilichobadilika. Mpangilio huo husomwa kabla hujachagua Python kwa mara ya kwanza kwenye folda hiyo. Ukishachagua mara moja, hata kwa kubonyeza bila kufikiri, chaguo hilo huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kihariri chenyewe, nje ya `settings.json`, na lile uliloandika halitazamwi tena. Tumia `Python: Clear Workspace Interpreter Setting`, kisha chagua upya.

Mtego wa pili ni `.venv` iliyonakiliwa. Mradi umetengenezwa Faza, ukabebwa kwa flashi hadi Mokowe, na `.venv` ikabebwa pamoja nao. Haifai kubebwa. Ndani yake mna faili la `pyvenv.cfg` lenye mstari wa `home =` unaotaja Python ya laptopu ya kwanza ilipokaa. Kwenye Windows nyingine utapata `No Python at ...` ikifuatiwa na jina la mtumiaji usiyemjua. Kwenye Linux, `.venv/bin/python` ni kiungo tu, na flashi za FAT32 au exFAT haziwezi kuhifadhi viungo vya namna hiyo. Hata ukihamisha folda ndani ya kompyuta ileile, amri tupu ya `pytest` inaweza kufa kwa sababu mstari wake wa kwanza una njia ya zamani, ilhali `python -m pytest` ikaendelea kupita.

Ifute `.venv`, utengeneze mpya:

Windows: `py -3 -m venv .venv`
Linux: `python3 -m venv .venv`

Ubuntu ikilalamika kuhusu `ensurepip`, weka kwanza `sudo apt install python3-venv`.

Kinachobebwa kwenye flashi ni msimbo na orodha ya vifurushi, tuseme `mahitaji.txt`. Na kama unakokwenda mtandao ni wa kupanda darini na simu mkononi, beba vifurushi vyenyewe. Penye intaneti:

`python -m pip download -d mizigo -r mahitaji.txt`

Ukifika, kwa Python ya `.venv` mpya:

`.venv/bin/python -m pip install --no-index --find-links mizigo -r mahitaji.txt`

Pakulia kwenye mfumo uleule na toleo lilelile la Python. Pytest ya Windows inahitaji `colorama`, ya Linux haihitaji. Python iliyo chini ya 3.11 inahitaji pia `exceptiongroup` na `tomli`. Ukipakua kwa 3.12 ukaenda kuweka kwenye 3.10, `pip` itagoma katikati, na bando liko ng'ambo ya maji.

Mwisho wa hatua hii, hakikisha `.vscode/settings.json` inasema hivi:

```
{
  "python.testing.pytestEnabled": true,
  "python.testing.unittestEnabled": false,
  "python.testing.pytestArgs": ["tests"]
}
```

Chagua pytest. Ile `unittest` inayokuja na Python inafanya kazi, lakini majaribio yaliyoandikwa kama hapo juu, bila darasa, haiyaoni kabisa: orodha tupu, wala haikwambii kwa nini.

Hatua ya 4. Majina na njia za kuingiza

Faili liitwe `test_kitu.py` au `kitu_test.py`. Kazi (ile ya `def`) ianze na `test`. Darasa lianze na `Test` na lisiwe na `__init__`. Ukiita `jaribio_saa.py`, Kiswahili safi, lakini pytest italipita.

Kwa upande mwingine, modyuli zako ziite kwa Kiswahili bila wasiwasi. Anayeita faili lake `random.py` analiweka mbele ya `random` ya Python yenyewe. `Tempfile` inaihitaji hiyo, pytest inaihitaji `tempfile`, na kila kitu kinaanguka kabla jaribio la kwanza halijasomwa. Ukiliita `bahati.py` hugongani na mtu.

Ukipata `ModuleNotFoundError: No module named 'saa'`, tatizo ni njia. Amri tupu ya `pytest` huongeza folda ya `tests` kwenye njia (orodha ya folda ambamo Python hutafuta modyuli), si ya juu yake, kwa hiyo `saa.py` haionekani. `python -m pytest` huongeza folda uliyosimama, ndiyo maana leo inapita, kesho ukisimama kwingine inagoma. Usitie `sys.path.append` juu ya kila faili la jaribio. Weka `pyproject.toml` kwenye `ratiba`:

```
[tool.pytest.ini_options]
pythonpath = ["."]
testpaths = ["tests"]
```

Inahitaji pytest 7.0 kwenda juu.

Ukiona `import file mismatch`, una mafaili mawili ya majaribio yenye jina moja kwenye folda tofauti, au `__pycache__` iliyokuja na flashi. Badilisha jina moja, futa `__pycache__` zote.

Hatua ya 5. Inapita Linux, inagoma Windows

Kwa programu za ratiba, tazama kwanza mstari kama huu juu ya faili:

`ENEO = ZoneInfo("Africa/Nairobi")`

Linux kwa kawaida ina hifadhidata ya majira ya saa, Windows haina ile ambayo Python inaitafuta. Unapata `ZoneInfoNotFoundError`, na kwa kuwa mstari uko nje ya kazi, kosa linatokea wakati wa kusoma faili: majaribio yake yote yanatoweka kwenye orodha, hata yasiyogusa majira. Ongeza `tzdata` kwenye `mahitaji.txt`.

Hatua ya 6. Kusafisha

`Test: Refresh Tests`, kisha `Developer: Reload Window`. Si kabla ya hapo. Kuwasha upya kabla ya kusoma Output ni kufuta nyayo.

Na kama majaribio sasa yanakwenda ila vituo ulivyoweka vya kusimamisha msimbo vinarukwa, tazama kama unatumia `pytest-cov` (kifurushi kinachohesabu msimbo uliofikiwa na majaribio). Inagombana na kitatuzi (debugger) cha kihariri. Ongeza `"--no-cov"` ndani ya `pytestArgs`, na hesabu ya msimbo uliofikiwa uifanye kwenye terminali.