SOMO: Jinsi ya kuanza kuchora kwenye OpenStreetMap hatua kwa hatua (maswali yako chini)

Wakuu habari za muda huu. Nawaona watu wengi wanalalamika mtaa wao haupo kwenye ramani, barabara imekatika katikati, zahanati imewekwa upande sio, na hawajui kwamba hiyo ramani wanaweza kuirekebisha wenyewe leo leo bila kumuomba mtu ruhusa. Naongelea OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, inachorwa na watu wa kujitolea dunia nzima na data zake ni huria, yani yeyote anaruhusiwa kuzichukua akazitumia hata kibiashara ilimradi ataje zimetoka wapi, na akiziboresha akazitoa hadharani azitoe kwa masharti yale yale. Programu za simu kama OsmAnd na Organic Maps zinachota humo humo, kwahiyo ukichora wewe unawachorea wote hao.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaanza: unachochora ni data, sio picha. Mashine ndio inaisoma, na mashine haina habari na uzuri wa mchoro wako, yenyewe inaangalia kipi kimeungwa na kipi na kipi kimeandikwa ni nini. Wanaoanza wengi wanakwama hapo.

Hatua ya 1: Akaunti
Nenda openstreetmap.org, jisajili kwa email. Jina utakalochagua litaonekana kwenye kila utakachobadilisha na halifichwi, kwahiyo kama hupendi kujulikana weka jina la utani.

Hatua ya 2: Fungua sehemu unayoijua
Sogeza ramani mpaka eneo ambalo umelitembea kwa miguu, vuta karibu, bonyeza Hariri. Kitafunguka kihariri kinaitwa iD humo humo kwenye brauza, hakuna cha kupakua. Kitakuuliza kama unataka mafunzo mafupi, yafanye, usiyaruke. Nyuma ya mchoro utaona picha ya satelaiti, mara nyingi ya Bing (huduma ya Microsoft), hiyo tumeruhusiwa kuchora kwa kuifuatisha.

Hatua ya 3: Vitu vitatu tu
Nukta, laini na eneo. Kwenye kibodi ni namba 1, 2 na 3. Kisima ni nukta, barabara na mto ni laini, jengo na uwanja ni eneo. Kila kimoja unakipa tagi, yani maelezo ya hiki ni kitu gani, mfano amenity=school kwa shule. Usiogope, iD ina orodha, unatafuta aina ya kitu na yenyewe inaweka tagi.

Hatua ya 4: Barabara (hapa tukae kidogo)
Bofya unapoanzia, fuata katikati ya barabara, penye kona weka nukta za kutosha ili ipinde vizuri, penye mnyoofu nukta chache zinatosha. Ukifika kwenye makutano bofya JUU YA ile laini nyingine mpaka zishikane kwenye nukta moja. Narudia, zishikane. Ukiishia nusu mita kabla, kwa macho imefika kabisa, ila programu ya kuelekeza njia inaona pale kuna pengo, basi dereva wa gari la wagonjwa anazungushwa njia ndefu wakati barabara ipo mbele yake. Na kinyume chake pia, barabara inayopita juu ya nyingine kwa daraja usiiunge na ya chini, hiyo ya juu kata kipande cha daraja ukipe tagi bridge=yes (ni daraja) na layer=1 (kiko tabaka la juu), la sivyo utawaambia watu wanaweza kukata kona hewani. Ukimaliza bofya mara mbili laini iishie hapo.

Alafu chagua aina ya barabara, yani ni kuu au ndogo. Angalia kazi yake, usiangalie lami. Barabara kuu inayounganisha miji ni kuu hata kama ni vumbi tupu, hilo la vumbi au lami lina tagi yake, surface. Naona sana watu wanashusha barabara muhimu kuwa track (njia ya shambani au porini) kisa ina mashimo, na programu nyingi zikiona track zinaikwepa, mnakuwa mmeiondoa njia kwa watu wanaoitegemea.

Hatua ya 5: Majengo
Satelaiti haipigi picha wima muda wote, kwahiyo jengo refu utaliona limelala upande mmoja. Fuatisha paa, kisha lisogeze lote mpaka likae pale ukuta unapogusa ardhi. Bonyeza Q kona zinanyooka. Angalia usichore kivuli. Na picha yenyewe huwa inasogea mita kadhaa, sasa ukiona barabara zote za eneo hazikai juu ya picha usianze kuhamisha barabara moja moja, washa njia za GPS walizopandisha wengine, yani alama za walikopita na vifaa vyao, zikikubaliana na barabara ujue kosa ni la picha, irekebishe picha kwenye mpangilio wa mandhari (Background).

Hatua ya 6: Majina
Jina ni lile lililoandikwa kwenye kibao au wanaloita wakazi. Kama hakina jina acha wazi, usiandike "kisima" kwenye sehemu ya jina, tagi imeshasema ni kisima. Nyumba ya mtu binafsi usiweke jina la anayeishi humo hata kama mtaa mzima unamjua. Ni maisha ya mtu hayo.

Hatua ya 7: Hifadhi
Utaombwa maelezo mafupi ya mabadiliko. "Nimeongeza barabara za mtaa na shule, picha ya Bing na kutembelea" yanamsaidia anayekuja nyuma yako, "marekebisho" hayamsaidii mtu. Hifadhi kila baada ya kazi kidogo. Kwenye tovuti huwa yanaonekana baada ya dakika chache, kwenye programu za simu mpaka watoe ramani mpya.

MASWALI

Swali: Mkuu shukrani sana. Majina ya mitaa naweza kuyatoa Google Maps? Kule yapo mengi.
Jibu: Hapana mkuu, wala kwa kuangalizia tu. Zile ni mali ya watu na lisensi yetu hairuhusu, ikigundulika vinaweza kufutwa vyote hata vile ulivyochora kihalali, na inauma. Nenda kasome kibao mwenyewe au uliza wenyeji.

Swali: Mimi sina kompyuta, nina simu tu, nitaweza?
Jibu: Unaweza vizuri tu. Android anza na StreetComplete, unatembea inakuuliza vitu vidogo vidogo, hii barabara ni lami? hili jengo lina ghorofa ngapi? unajibu unaendelea. Ukizoea kuna Vespucci, kihariri kamili cha Android. Wa iPhone wana Go Map!! na Every Door ipo kote kote. Kwa kweli mwenye simu aliyeko pale pale naona anajua zaidi kuliko sisi tunaoangalia mapaa kutoka juu.

Swali: Naogopa nitaharibu kazi za watu.
Jibu: Historia yote inatunzwa, kilichofutwa kinaweza kurudishwa. Ogopa kidogo tu ile ya kukufanya uangalie mara mbili kabla ya kufuta. Na ukikuta mtu kabadilisha kitu chako, mwachie ujumbe kwenye mabadiliko yake umuulize kwa adabu, usikimbilie kurudisha, inawezekana yeye kapita pale jana.

Swali: Nina duka, naruhusiwa kuliweka?
Jibu: Weka dada, jina, aina ya duka, simu ya biashara, saa za kufungua. Ile "bei poa, karibuni wote" acha, watakuja kuifuta.

Swali: Hivi kuna mtu anazitumia kweli hizi ramani kwenye mambo makubwa?
Jibu: Sana. Tetemeko la Haiti la Januari 2010, ramani ya Port-au-Prince iliyokuwepo ilikuwa na mapengo makubwa, watu kutoka nchi mbalimbali wakakaa wakaichora kwa picha za satelaiti ndani ya siku chache, na waokoaji wakaitumia. Baada ya hapo ikasajiliwa Humanitarian OpenStreetMap Team, wao wanagawa eneo kwenye viboksi, unachukua kimoja, unachora, mwenzako anahakiki. Ukiingia huko soma maelekezo ya kazi husika, kila kazi inataka vitu vyake.

Swali: Nimechora barabara yangu ya kwanza, nitajuaje kama imeungana kweli?
Jibu: Kabla ya kuhifadhi angalia orodha ya matatizo pembeni, iD inakuonya laini ikiishia karibu na nyingine bila kuigusa. Pia shika ile nukta ya makutano uisogeze kidogo, barabara zote mbili zikiifuata zimeungana, ikifuata moja tu bado. Alafu tengua, irudi mahali pake.