SOMO: Jinsi ya kusoma Euthyphro bila kupotea kwenye swali la uchaji

Wakuu, kila wiki naulizwa "Socrates alisema uchaji ni nini?" Swali linatoka kwenye Euthyphro, kitabu cha Plato ambamo Socrates anajadiliana na mtu aitwaye Euthyphro. Naweka yote hapa. Atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu.

1. Ijue kesi kwanza. Athens, 399 KK, kwenye baraza la arkoni (afisa mkuu wa mji) anayeitwa mfalme. Socrates ameshtakiwa na Meletus kwa kuharibu vijana na kubuni miungu mipya. Euthyphro naye kaja kumshtaki baba yake mzazi kwa mauaji. Kibarua wao kule kisiwa cha Naxos alilewa akamchinja mtumwa wa nyumbani. Mzee akamfunga kamba, akamtupa shimoni, akatuma mtu Athens kuuliza afanyweje. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua kafa kwa njaa na baridi.

2. Jibu la kwanza: uchaji ni hiki ninachofanya sasa, kumshtaki mkosaji hata akiwa baba. Huo ni mfano tu. Songa mbele.

3. Jibu la pili: ni kile kinachopendwa na miungu. Lakini miungu yao inagombana, kwa hiyo kitu kimoja kitapendwa na huyu kichukiwe na yule. Euthyphro anarekebisha: kinachopendwa na miungu yote.

4. HAPA POLEPOLE. Socrates anauliza: kitu cha uchaji kinapendwa kwa sababu ni cha uchaji, au ni cha uchaji kwa sababu kinapendwa? Wengi wakifika hapa wanaruka moja kwa moja kubishana kama Mungu yupo. Usiruke. Tazama ndoo iliyobebwa: imebebwa kwa sababu kuna mtu anaibeba, huyo mtu haibebi kwa sababu "imebebwa". Vivyo hivyo kinachopendwa ni kipendwa kwa sababu kuna anayekipenda. Sasa Euthyphro mwenyewe amekubali kwamba miungu inapenda tendo la uchaji kwa sababu ni la uchaji. Basi uchaji unatangulia, kupendwa kunafuata. Vitu viwili hivyo haviwezi kuwa kimoja. Alichotaja ni jambo linaloupata uchaji. Uchaji wenyewe bado hajausema. Onyo: usiandike kwamba Socrates amekanusha kuwa miungu inapenda uchaji. Hajakanusha. Rudia ukurasa huo mpaka uweze kumweleza mwenzako bila kitabu.

5. Jibu jingine: uchaji ni sehemu ya haki, ile ya kuhudumia miungu. Anayehudumia farasi humfanya farasi awe bora. Miungu utaiboresha vipi? Basi ni utumishi. Wa kuzalisha nini? Hasemi waziwazi. Mwisho inabaki sala na sadaka, yaani nipe nikupe.

6. Wanajikuta wamerudi kwenye kinachopendwa na miungu. Euthyphro ana haraka, anaondoka.

MASWALI

— Mkuu, nina mtihani kesho. Kwa kifupi, jibu ni lipi?
Soma namba 6.

— Nimesoma, sijaliona.
Ndilo hilo. Halipo.

— Huku si kufundisha watu kukufuru?
Onyesha sentensi niliyokufuru. Nimeeleza kitabu cha Plato, basi.

— Naomba kuelewa: mbona mfano (namba 2) haukubaliki? Sisi tunajifunza kila kitu kwa mifano.
Swali zuri sana. Anatafuta kipimo kimoja cha kupimia kesi zenye utata, na kesi ya Euthyphro ndiyo yenye utata wenyewe: ndugu zake wanaona kumshtaki baba ndiko kukosa uchaji. Huwezi kuthibitisha tendo kwa tendo hilo hilo. Ila hauko peke yako. Mwaka 1966 mwanafalsafa Peter Geach alimshambulia Socrates hapo hapo, akisema tunajua mambo mengi ambayo hatuwezi kuyapa fasili.

— Darsani tulisoma Muutazila na Ashaari, makundi mawili ya teolojia ya Kiislamu, juu ya uzuri na ubaya wa matendo. Si mjadala huu?
Ni jirani yake wa karibu. Muutazila: tendo lina uzuri wake na akili inaweza kuutambua. Ashaari: jema ni lile sheria ya Mungu ililoliita jema. Tofauti ni kwamba wao wanazungumzia Mungu mmoja na amri yake, Euthyphro anazungumzia miungu mingi na mapenzi yao. Ukiwa na maandishi ya darsa, yaweke hapa tuyasome pamoja.

— Watu wakitaja swali la namba 4 wanaandika "10a". Kwangu ukurasa wa 10 hauna swali hilo.
Tazama pembeni mwa maandishi, si namba ya ukurasa. Ni namba za chapa ya zamani ya vitabu vya Plato, aliyoitoa Stephanus mwaka 1578. Chapa nyingi zinazo.