Seva ya kwenye kompyuta yako inaposema faili halipo, na wewe unaliona

Jumamosi moja asubuhi, kabla sijafungua hata madirisha ya chumba ninachofundishia pale Majengo, Moshi, nilimkuta kijana mmoja wa Kibosho ameketi kwenye ngazi, kompyuta kaipakata.

"Madam, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona alfajiri hivi?"

"Ni picha ya Rongai, Madam. Faili lipo, naliona kwa macho yangu, lakini PHP inasema halipo."

Alikuwa anatengeneza, kwa lugha ya programu ya PHP, tovuti ya watu wanaopandisha wageni mlimani, kila njia na ukurasa wake: Marangu, Machame, Lemosho, Umbwe, Rongai. Kurasa nne zilikuwa salama. Rongai peke yake ndiyo ilileta ile picha ya akiba aliyoiweka kwa ajili ya faili lisipopatikana. Alikuwa ameibadilisha picha mara tatu, akaigeuza kuwa PNG, akaifuta XAMPP (kifurushi chenye Apache, yaani seva yenyewe, pamoja na PHP na hifadhidata) na kuiweka upya. Usiku mzima. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

`$picha = "picha\rongai.jpg";`

Nikamwambia asiguse kitu, aongeze mstari mmoja tu chini yake: `var_dump($picha);`. Kivinjari kikajibu:

`string(15) "picha ongai.jpg"`

Hesabu na wewe. Neno picha lina herufi 5, slashi 1, na rongai.jpg ina 10. Jumla 16. Mashine inasema 15, na ile r haionekani. Ndani ya alama mbili za nukuu, PHP huichukua slashi ya nyuma pamoja na r kuwa herufi moja isiyoonekana, ile ya kurudisha mwandiko mwanzo wa mstari. Kwa hiyo ilikuwa inatafuta faili ambalo kweli halipo duniani. Machame ilipona kwa sababu `\m` haina maana yoyote kwa PHP, ikaachwa kama ilivyo. Marangu, Lemosho na Umbwe zilipona kwa bahati hiyo hiyo.

Sisi tunaoziita folda zetu kwa Kiswahili tunakutana na hili mara kwa mara. Folda ya `njia` au `nyaraka` inaanza na n, na `\n` ni mstari mpya. `taarifa` ina `\t`. `fomu`, `vyeti` na `elimu` nazo zimo, kwa sababu `\f`, `\v` na `\e` zote zina kazi yake. Hata `"C:\xampp\htdocs"` haiponi: `\xa` husomwa kama namba, na namba hiyo ni mstari mpya. Sitaki mtu aache kuandika `nyaraka` akaandika jina la kigeni kwa sababu ya hili. Majina ni yetu na yanafaa. Kinachobadilika ni slashi: andika `'picha/rongai.jpg'`, slashi ya mbele, hata ukiwa Windows. PHP ya Windows inaikubali bila shida, na siku ukihamia seva ya Linux hutahitaji kugusa mstari.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndivyo ninavyotaka kila mwanafunzi wangu afanye kazi. Usibadilishe kitu kabla mashine haijakwambia yenyewe inatafuta nini na inatafuta wapi. Kwa njia za mafaili, mistari hii mitatu inatosha karibu kila mara:

`var_dump(getcwd());`
`var_dump($njia);`
`var_dump(realpath($njia));`

Wa kwanza unakuonyesha PHP imesimama kwenye folda gani. Wa pili unaonyesha njia uliyompa, pamoja na idadi ya herufi, na hapo ndipo utakapoigundua nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina. Wa tatu unarudisha njia kamili kama faili lipo, au `false` kama halipo au PHP haina ruhusa ya kulifikia. Nasisitiza `var_dump`, si `echo`, kwa sababu `echo` ya `false` haiandiki kitu, nawe utabaki unatazama ukurasa mweupe.

Halafu tofautisha njia ya diski na anwani ya kivinjari. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Tuseme mradi wako uko `C:\xampp\htdocs\mlima` na unaufungua kwa `http://localhost/mlima/`. Ukiandika `<img src="/picha/machame.jpg">`, ile slashi ya mwanzo inamwambia kivinjari aanzie kwenye mzizi wa seva, yaani `http://localhost/picha/machame.jpg`. Folda ya mlima imerukwa. Ukiiondoa slashi, picha inatokea kwenye ukurasa wa mbele, lakini ukiingia `mlima/safari/` inapotea tena, kwa kuwa sasa inatafutwa ndani ya safari. Bonyeza F12, nenda kwenye sehemu ya Network, pakia ukurasa upya, tafuta mstari wenye 404, yaani "haikupatikana", usome anwani yote mpaka mwisho. Usikisie, isome. Dawa yake ni kuweka anwani ya msingi sehemu moja kwenye mipangilio ya mradi na kila kiungo kianzie hapo, au kuupa mradi jina lake kwenye VirtualHost, kipengele cha mipangilio ya Apache, ili mzizi wa seva uwe folda ya mradi wenyewe.

Kwa `include` na `require`, andika hivi na usiandike vingine: `require __DIR__ . '/sehemu/juu.php';`. `__DIR__` ni folda ya faili lile lile lenye mstari huo, haibadiliki hata ukurasa ukiitwa kutoka wapi. Njia inayoanza na `../` yenyewe hupimwa kuanzia pale PHP iliposimama, na ukiliendesha faili hilo kwenye dirisha jeusi la amri au kwa kazi ya ratiba ya usiku, PHP inasimama kwingine kabisa. Ndiyo maana kitu kinafanya kazi kwenye kivinjari na kugoma saa nane za usiku.

Herufi kubwa na ndogo: Windows haijali, Linux inajali. `Machame.JPG` na `machame.jpg` ni mafaili mawili tofauti kwenye seva nyingi za kukodi. Majina yote ya mafaili andika kwa herufi ndogo. Ukishachelewa na unatumia Git (chombo cha kutunza historia ya mafaili), badilisha kwa `git mv`, maana ukibadilisha kwa mkono kwenye Windows, Git inaweza isione tofauti yoyote.

Sasa mipangilio. Ile ya PHP yenyewe hukaa kwenye faili liitwalo php.ini. Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni haya: "Madam, nimebadilisha php.ini lakini hakuna kilichobadilika." Swali langu la kwanza huwa: php.ini ipi? Kompyuta ya mwanafunzi aliyesoma miaka miwili mara nyingi ina PHP mbili au tatu. Moja ya XAMPP, nyingine aliipakua alipokuwa anaweka Composer (chombo cha kuletea maktaba za PHP), ya tatu imekuja na programu nyingine. Kila moja ina php.ini yake.

Kwa upande wa kivinjari, tengeneza faili lenye `<?php phpinfo();`, lifungue, kisha utafute mstari unaosema `Loaded Configuration File`. Hilo ndilo faili linalosomwa na Apache, mengine yaache. Kwa upande wa dirisha la amri, andika `php --ini`. Ukiona njia mbili tofauti, umeshapata jibu. Kwenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, tofauti hiyo ni ya kawaida, wala si kosa: kuna folda ya `apache2` na ya `cli`, yaani ya dirisha la amri, chini ya `/etc/php/`, na ukiwasha kiambatisho (extension) kwenye moja, nyingine haina habari. Faili hilo la phpinfo lifute ukimaliza. Linaonyesha siri nyingi za mashine, na nimeshakuta limeachwa kwenye tovuti iliyo hewani.

Ukitaka kujua ni PHP ipi inayoitikia ukiandika `php`, kwenye Windows andika `where.exe php`. Hiyo `.exe` usiiache, kwa sababu ndani ya PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, neno `where` peke yake lina kazi nyingine. Utapata orodha, na ya kwanza ndiyo inayoshinda. Windows hutafuta programu kwenye orodha ya folda iitwayo PATH; husoma ya mfumo mzima kwanza, halafu ya mtumiaji. Kwa hiyo ukiongeza `C:\xampp\php` kwenye PATH yako wakati PHP ya zamani imo kwenye ya mfumo, ya zamani itaendelea kuitikia. Itoe au ishushe chini.

Kisha funga dirisha la amri, ufungue jipya. Dirisha hubeba PATH iliyokuwepo lilipofunguliwa. Apache nayo ni hivyo hivyo: ukibadilisha php.ini, izime na uiwashe tena. Kuburudisha ukurasa hakusaidii kitu.

Faili la `.env`, lenye mipangilio na nywila za mradi, lina matatizo yake, na mengi yanatoka kwenye kuliandika. Ukilihifadhi kwa Notepad linaweza kuwa `.env.txt`, na Windows ikakuficha ule mkia. Andika `dir` ndani ya folda ya mradi, utaona jina kamili. Thamani yenye nafasi izungushie alama za nukuu: `APP_NAME="Njia za Mlima"`. Nywila yenye alama ya # nayo vilevile, la sivyo kila kilicho baada ya # kitachukuliwa kuwa maelezo na hifadhidata itapokea nusu ya nywila. Na kwa wanaotumia Laravel, mfumo wa kujengea tovuti za PHP: ukishaendesha `php artisan config:cache`, mfumo hausomi tena `.env`, unasoma nakala iliyohifadhiwa. `php artisan config:clear` huiondoa nakala hiyo. Binti mmoja darasani kwangu alibadilisha nywila ya hifadhidata mara sita kabla hatujaiondoa nakala hiyo, na ile ya kwanza ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Ipo hitilafu moja ya Linux ninayotaka uijue kwa sura, kwa sababu inapotosha:

`SQLSTATE[HY000] [2002] No such file or directory`

Mtu akiisoma anaanza kutafuta picha au ukurasa uliopotea. Faili linalotafutwa ni la soketi ya hifadhidata ya MySQL, mlango ambao programu za mashine hiyo hiyo huongea nayo. Ukiandika `localhost`, PHP kwenye Linux haipiti kwenye mtandao, inapita kwenye faili hilo. Hakikisha kwanza MySQL imewaka. Ikiwa imewaka, weka `DB_HOST=127.0.0.1`, ambayo hupita kwenye poti ya 3306, na ujaribu tena.

Bado Linux. Faili lipo, jina ni sahihi, njia ni sahihi, bado unakataliwa. Hiyo ni ruhusa, na si lazima iwe ya faili lenyewe. Apache inahitaji kupita kila folda iliyo njiani. Tangu Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya huwa imefungwa kwa watu wengine, kwa hiyo mradi uliowekwa chini ya `/home` hauonekani hata kama wenyewe umefunguliwa. Andika `namei -l` ikifuatiwa na njia kamili, nayo itakushukia folda moja moja na ruhusa zake. Mahali pa kawaida pa kuweka mradi ni `/var/www`, ruhusa za folda 755, za mafaili 644, yaani mwenyewe ndiye anayeandika, wengine wanasoma tu. Wanaokushauri 777 usiwasikilize. Mlango unaofunguliwa kwa kila mtu utausahau wazi hivyo hivyo siku ya kupandisha kazi ya mteja.

Na soma daftari la makosa la seva. `C:\xampp\apache\logs\error.log` kwa XAMPP, `/var/log/apache2/error.log` kwa Ubuntu. Shuka hadi mstari wa mwisho. Mara nyingi njia nzima inayotafutwa imeandikwa pale pale, herufi kwa herufi.

La mwisho ni saa, na wachache wanaikumbuka. Mama mmoja mwenye duka karibu na soko la Mbuyuni aliniita kwa sababu ya risiti za mfumo wake uliowekwa kwenye XAMPP. Mwezi wa saba zilikuwa nyuma kwa saa moja. Mwezi wa kumi na mbili zikawa nyuma kwa saa mbili. Fundi alikuwa ameshabadilisha betri ya ndani ya kompyuta, naye akailipia. Nikafungua phpinfo, nikatafuta `date.timezone`, nikakuta `Europe/Berlin`. XAMPP chimbuko lake ni Ujerumani na huja hivyo, na Wajerumani husogeza saa zao majira ya joto na kuzirudisha majira ya baridi, ndiyo maana pengo lilikuwa linabadilika. Nikaandika `date.timezone = Africa/Dar_es_Salaam` kwenye php.ini ile iliyotajwa na phpinfo, nikaizima Apache na kuiwasha. Tukatoa risiti ya kilo moja ya sukari. Ikaandika 10:42. Mama akachomoa simu kwenye kanga, akaisogeza karibu na karatasi, akasoma kwa sauti: "Kumi na arobaini na mbili."