Kabla dereva hajaondoka, muulize gari la mwisho

Ukienda kijijini peke yako kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ukishuka tu muulize dereva: gari la mwisho la kurudi linapita saa ngapi, na nisimame upande gani? Ratiba za mtandaoni huko huwa za zamani, ila yeye anajua safari ipi hufutwa abiria wakiwa wachache. Tena sura yako ataikumbuka. Kama kituoni kuna ubao, upige picha pamoja na yale maandishi madogo ya chini. Ndiyo husema Jumapili hakuna gari. Halafu rudi na gari linalotangulia hilo la mwisho. Sikukuu usitegemee mbinu hii, wala jioni dereva akiwa mwingine: hifadhi namba ya teksi wakati mtandao bado unashika.